Kinasa Namba Tatu

Ajuza mmoja wa meza ya mbele alichomoa kifaa cha kumsaidia kusikia, akakiweka kando ya sahani yake ya samaki, kisha akaendelea kula kwa raha zake. Britta Hackbarth alimwona kutoka jukwaani, akatamani sakafu ya ukumbi wa parokia ipasuke immeze, yeye na gitaa lake.

Gitaa lilikuwa limepiga yowe tena. Vidole vyake havikukosea hata noti moja. Lilikuwa yowe tu, jembamba na kali, kama birika lililosahaulika jikoni, na lilikuja kila alipoongeza sauti ili asikike juu ya ngoma.

Wakati wa mapumziko Duane Zastrow alimfuata nyuma ya pazia. Duane alikuwa fundi bomba kwa siku za kazi, na Ijumaa jioni, watu wa mji wa Sheboygan walipokuja kula samaki wa kukaanga, alikuwa mpiga ngoma na kiongozi wa bendi.

“Britta, mama, unapiga vizuri, Mungu shahidi. Lakini hilo gitaa lako linataka kutuua.”

“Samahani.”

“Usiniombe mimi samahani, kamwombe yule bibi pale mbele. Sikiliza. Ijumaa ijayo tunapiga hapa hapa. Likilia tena, namwita mpwa wangu Kurt achukue nafasi. Hakufikii hata robo, lakini gitaa lake lina adabu.”

Britta aliitikia kwa kichwa. Alikuwa na mengi ya kusema, na kama kawaida alibaki nayo yote. Alikuwa na miaka ishirini na tatu, amemaliza chuo, anafanya kazi maktaba, na hata huko, mahali ambapo watu wote hunong'ona, wasomaji walikuwa wakimwambia, “Unasema?” Kwenye bendi tu ndiko hakuna aliyemtaka arudie neno. Alipiga, watu wakasikia, basi. Kuondolewa pale kungekuwa sawa na kunyang'anywa ulimi wa pekee aliokuwa nao.

Kwa siku nne akasoma mtandaoni habari za vinasa. Kinasa ni kile kipande chenye sumaku na waya mwembamba uliosokotwa maelfu ya mara, kinachokaa chini ya nyuzi za gitaa la umeme na kuigeuza mitetemo yake kuwa sauti kwenye spika. Kukibadilisha si kazi kubwa. Kazi ni kuchagua. Huko mtandaoni wanaume wasio na idadi walikuwa wakitukanana usiku na mchana: hiki kitamu, hiki kinene, hiki kina moshi, kile hakina chumvi, utadhani wanabishana juu ya nyama choma. Britta akanakili majina, bei na vipimo kwenye karatasi, akapigia mstari kile chenye nguvu kuliko vyote miongoni mwa vile ambavyo dola zake sitini zingeweza kuvinunua, vikiwa vimeshatumika. Jumatano mchana akalibeba gitaa kwenda kwa fundi wa magitaa, Orv Kuehl.

Duka la Orv lilikuwa la kinyozi zamani. Kinyozi alipostaafu aliacha kiti chake, kile cha chuma kinachozunguka, na Orv hakuwahi kukitoa.

“Hiyo karatasi ina nini?” Orv akauliza.

“Ni vinasa. Nimeviandika kwa... kwa mpangilio wa nguvu.”

“Du! Umeleta mtihani mzima.” Akaipokea, akaisoma kwa heshima kutoka juu mpaka chini, akaikunja mara nne na kuisokomeza chini ya mguu wa meza uliokuwa ukicheza. Akaijaribu meza. Haikucheza tena. “Ahsante. Sasa kaa kwenye kiti.”

Kila mtu mjini aliyewahi kununua kinasa kwa Orv alikuwa amekalia kiti kile. Alikizungusha, nyuso zao zikaelekea ukutani, ili wasione jina wala bei. Nyuma yao alikuwa na gitaa alilolitoboa mgongoni, ambamo kinasa kiliweza kuchomekwa na kuchomolewa kama droo. Vinasa vyenyewe vilitoka kwenye boksi la viatu, vingi vikiwa vya watu waliotaka bora zaidi, wakapata, na mwezi uliofuata wakataka bora zaidi tena.

“Kwanza nipe gitaa lako nilifungue, niangalie waya.” Bisibisi ikazunguka, kitu kikagongana na kitu. “Haya. Vinne. Nitapiga kipande kilekile kwa kila kimoja, sauti ya chini. Wewe sikiliza tu.”

Akapiga kipande cha dansi ya polka ambacho mtoto yeyote wa mji ule angeweza kukiimba.

Cha kwanza kiliingia masikioni kama mtu anayefungua mlango kwa teke. Cha pili kilikuwa kitamu, ila kama kinaimba chini ya blanketi. Cha tatu kilipoanza, Britta alijikuta ameinua kichwa. Kila uzi ulisimama peke yake. Orv alipogusa kwa upole kilisema kwa upole, na alipokaza mkono nacho kikakaza. Cha nne hakukisikia vizuri, kwa kuwa bado alikuwa akikifikiria cha tatu.

“Cha tatu,” akasema.

“Unasema?”

“Cha tatu.”

“Una hakika? Cha kwanza ndicho ulichokipigia mstari. Watu wanakililia hicho.”

Siku nyingine yoyote angesema, basi sawa, cha kwanza. Lakini alikuwa ametazama ukuta, hakuna jicho lililomwangalia, na masikio yake yalikuwa na hakika.

“Cha kwanza kinapiga kelele tu,” akasema, na sauti yake ikamshangaza. “Cha tatu kinasikiliza.”

Orv akavikusanya vyote vinne. Akavichanganya, akapiga tena vyote. Safari hii Britta alichagua cha pili. Akavichanganya mara ya tatu, Britta akachagua cha mwisho.

“Ni kilekile, sivyo?” akauliza. “Ni bei gani?”

“Ulishakilipia.”

Kiti kikazunguka. Mkononi mwa Orv kulikuwa na kinasa chenye mkwaruzo pembeni, mkwaruzo ambao Britta aliufahamu kama kovu la goti lake.

“Hicho ni changu!”

“Ndicho hicho ulichokichagua mara tatu mfululizo.”

“Lakini kinalia!”

“Sauti ikiwa kubwa, ndiyo.” Orv akaongeza sauti, akakigonga kinasa kwa ukucha. Kwenye spika kukasikika tok, tok, kama mtu anabisha hodi. “Umesikia? Kinasa hakitakiwi kusikia ukucha. Waya wa ndani umelegea, unatikisika, ndiyo hayo mayowe. Kwa kawaida kinasa hutumbukizwa kwenye nta ya moto, nta ikaganda katikati ya waya, nao ukatulia. Hiki hakina nta hata tone. Miaka thelathini sijaona kinasa kisafi hivi. Nani alikisafisha?”

Masikio ya Britta yalipata moto. Aliponunua gitaa lile kwenye gereji ya jirani aliyekuwa akiuza vitu vya mitumba, alilifungua lote kulifanyia usafi. Ndani ya kinasa akakuta uchafu wa manjano umegandamana.

“Nilidhani ni... mafuta ya zamani,” akasema. “Nikakiweka juu ya taulo, nikakipulizia mashine ya kukaushia nywele. Mpaka kikaacha kutoa jasho.”

“Mpaka kikaacha kutoa jasho,” Orv akarudia polepole. Kisha akacheka mpaka akalazimika kumwinua Britta kwenye kiti ili akalie yeye.

Alipomaliza kujifuta macho akamwambia ukweli wote. Angeweza kuchukua namba moja, dola hamsini na tano, na lisingelia. Angekuwa na utulivu, na sauti asiyoipenda. Au angeweza kukirudishia chake nta. Yeye Orv alikuwa na magitaa kumi na moja kwenye foleni, asingeweza kuifanya kazi hiyo kabla ya Ijumaa.

“Kwenu nani anapika jamu?”

“Shangazi.”

“Basi ana nta ya kufunikia chupa. Digrii mia moja na hamsini za Farenhaiti, zisizidi. Ukiichemsha, plastiki inayeyuka, na hapo huna kinasa cha kusikiliza wala cha kupiga kelele. Namba moja nakuwekea mpaka Ijumaa saa sita mchana.”

Shangazi Lavonne alikuwa amezama kwenye stroberi mpaka viwiko. Ulikuwa mwezi wa Juni na jiko zima lilikuwa jekundu.

“Unataka kupika nini?” akauliza, akikitazama kile kidude chenye mikia miwili ya waya.

“Kinasa cha gitaa.”

“Kwa muda gani?”

“Mpaka kiache kutoa mapovu.”

“Kama ngisi, basi,” akasema Shangazi, ambaye hajawahi kupika ngisi maishani mwake, akampa bonge la nta na kipimajoto cha kupikia peremende.

Britta akaiyeyusha nta ndani ya kopo, na kopo akaliweka ndani ya sufuria ya maji ili moto usiliguse. Akakining'iniza kinasa ndani ya nta kwa waya wake. Mapovu madogo yakaanza kupanda mojamoja, kama samaki anayepumua. Digrii mia moja na arobaini na tano. Mia na arobaini na nane. Dakika kumi zikapita, mapovu yangali yanakuja. Akageuka kuchukua kitambaa.

Shangazi Lavonne, ambaye hajawahi kuliacha jiko bila kulipanga upya, akaona sufuria ya jamu imekosa nafasi. Akalinyanyua kopo kutoka kwenye maji ili aliweke kwenye moto mtupu.

“Shangazi, WEKA CHINI!”

Mbwa aliinuka kutoka chini ya meza. Shangazi akaganda, kopo mkononi.

“Wapi?”

“Kwenye maji! Usiguse tena! Jamu isubiri!”

Shangazi akalirudisha kama anayetua kikapu cha mayai. Alimtazama mpwa wake, kijiko kikidondosha jamu sakafuni.

“Kumbe sauti unayo,” akasema hatimaye, meno yote nje. “Miaka ishirini na tatu nikidhani umemwachia mama yako yote.”

Mapovu yaliisha baada ya dakika nyingine kumi na mbili. Kinasa kilitoka kinang'aa, na doa moja jekundu la stroberi limegandia ndani ya nta.

Alhamisi Orv alimwachia meza na chuma cha kulehemu, akasimama pembeni mikono mfukoni. Britta akaunganisha waya mwenyewe, akaongeza sauti mpaka mwisho, akagonga kwa ukucha. Spika haikusema kitu. Orv akalichukua boksi la viatu, akaitumbukiza namba moja ndani yake.

Ijumaa ukumbi ulijaa. Sahani za samaki na kabichi zilipita juu ya vichwa vya watu. Kurt alikuwa amekaa karibu na jukwaa, gitaa lake ndani ya mfuko miguuni, kama mchezaji wa akiba. Na kwenye meza ya mbele yule ajuza, mtu asiyetaka kushtukizwa mara mbili, alikuwa ameshachomoa kifaa chake mapema na kukiweka kando ya sahani.

“Ongeza,” Duane akasema kutoka nyuma ya ngoma. Britta akaongeza. “Sogea karibu na spika.” Akasogea. “Zaidi.” Akasogea mpaka sketi yake ikaigusa. Wote wawili wakangoja. Hakukuwa na kitu ila mlio hafifu wa umeme na visu vya watu kwenye sahani.

Duane akagonga vijiti mara nne.

Zamu yake ya kupiga peke yake ilipofika, Britta alianza kwa upole, na gitaa likasema kwa upole. Kisha akakaza. Watu wawili wakaacha uma zao, wakainuka kucheza, halafu sita, halafu padri. Ajuza wa meza ya mbele akaitazama miguu yao, akayatazama mabega yao, akamtazama Britta. Akakichukua kifaa chake kando ya samaki, akakifuta kwa kitambaa cha meza, akakirudisha sikioni.

Mapumzikoni Duane alikuja na shati limelowa jasho.

“Sawa, nimekubali. Umenunua kipi?”

“Sikununua.”

“Unasema?”

“Sikununua!” Britta akasema, kwa sauti iliyofika mpaka kwenye kaunta ya bia. “Ni kilekile changu. Nilikichagua.”

Duane akainama juu ya gitaa, akavuta pumzi, akavuta tena.

“Mbona linanukia jamu?”

Nyuma yake Kurt alikuwa ameshauegemeza mfuko wa gitaa ukutani, anapanga foleni ya samaki mara ya pili.