Bahari Iliyofuata Daraja la Kiandutu

Saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, Apiyo alivua viatu, akavishika mkononi, akavuka daraja la chuma linalotoka Kiandutu kwenda viwandani. Maji yalikuwa yamejaa. Yalikuwa ya kijani na ya chumvi, nayo yalipanda kwenye nguzo za daraja tu, huku mto ukiteremka kando yake na povu lake la sabuni.

"Leo yamefika kwa kifundo cha mguu," alimwambia Nyawira, muuza chapati wa ng'ambo.

"Kesho yatachelewa dakika hamsini. Utapita na viatu, Mama Bridget."

Nyawira alichota sufuria moja ya maji hayo ya kukandia unga. Tangu Machi hakuwa amenunua chumvi.

Sababu ya bahari kufika Thika, mbali na pwani, ilijulikana. Mkandarasi Gachau, aliyepewa kazi ya kujenga daraja hilo kwa chuma kipya, alileta mabamba ya meli iliyokatwakatwa pwani, akayapaka rangi ya fedha. Chuma hicho kilikuwa kimekaa baharini miaka arobaini, na bahari ikakifuata. Hilo halikumsumbua mtu. Kilichosumbua ni kutu.

Musembi, mume wa Apiyo, aliwahi kukarabati meli Mombasa kabla ya kuja Thika kuchomelea mageti. Jumanne maji yalipotoka, aligonga nguzo moja kwa nyundo, likadondoka ganda jekundu kubwa kama sahani. Alimweleza mkewe kwamba chini kabisa, ambako hewa ni haba, kutu hula polepole. Mahali pabaya ni katikati, panapolowa na kukauka mara mbili kwa siku. Hapo chumvi, maji na hewa hukutana, na chuma huliwa kama mkate.

"Kwa sasa linabeba watu," alisema. "Miezi mitatu ijayo, sijui. Na Ijumaa mkaguzi anakuja."

Apiyo alielewa. Mkaguzi akiona kutu, daraja lingefungwa, na njia ya kuzunguka ilikuwa ya saa nzima. Lango la kiwanda alikofanya kazi lilifungwa saa moja asubuhi. Alikuwa amechelewa mara mbili. Mara ya tatu ingekuwa kwaheri.

"Si wamshike Gachau?"

"Watafunga daraja. Gachau hapiti hapa."

"Na tukilitengeneza?"

"Atasifiwa yeye."

Apiyo alifikiri kwa muda wa kumaliza kikombe cha chai. "Wacha asifiwe. Mimi nifike kazi."

Kwa hiyo Musembi aliomba betri za redio zilizoisha, kwa kuwa kikopo cha betri ya aina ile ni zinki, na zinki ikifungwa kwenye chuma ndani ya maji ya chumvi, bahari hula zinki kwanza. Kiandutu ilitoa magunia mawili. Zacharia, kiongozi wa kwaya, alileta betri za kipaza sauti, akasema nyingine zimehubiri tangu mwaka jana. Musembi alikwangua rangi mpaka chuma kikagusana na zinki, akafunga kwa waya, na pale katikati akapaka grisi nzito. Alhamisi vikopo vilikuwa vikitoa viputo vidogo, na kutu ilikuwa imetulia. Chaza wakahamia kwenye nguzo. Nyawira akawakaanga na vitunguu.

"Haki hii ni nyama ama ni konokono?" aliuliza Gathogo, fundi viatu, akiigeuza sahani.

"Wewe kula. Umeshamaliza watatu."

Mkaguzi Kahiga alifika Ijumaa wakati wa maji kujaa. Alikunja suruali, akavuka kwenda na kurudi, akaandika kwamba hakuna kasoro. Gachau alikuja na kibao cha shaba chenye jina lake, akapigwa picha maji yakiwa magotini. Alasiri hiyohiyo alipewa daraja jingine, la Kiuu. Musembi alipiga makofi pamoja na wengine, kisha akaenda kubadilisha vikopo vitatu vilivyokuwa vimeliwa mpaka waya.

Jumatatu Apiyo alifika langoni saa moja kasoro dakika nne, akakung'uta chumvi iliyokaukia viatuni, akaingia kazini. Huko Kiuu, malori ya Gachau yalikuwa yakishusha nusu ya pili ya meli ileile. Kufikia adhuhuri, changu wawili, samaki wa baharini, walikuwa wameonekana mtaroni.