Kengele ya Nne

Marlys Okerlund alikuwa mkaguzi katika studio ya katuni mjini Burbank. Kazi yake ilikuwa kusaka makosa: mkufu uliohama shingo, mshumaa uliorefuka badala ya kufupika, mkia aliosahau mchoraji. Kwa miaka ishirini na sita hakupitwa na kitu, na wachoraji walimpenda kama mtu apendavyo jino bovu.

Filamu ya mwaka ule ilihusu mfalme mwenye kiburi aliyegeuzwa nguruwe na mchawi. Laana ilikuwa wazi: asipomwomba radhi binti mchunga nguruwe kabla kengele ya mnarani haijalia mara ya tatu, atabaki nguruwe milele. Marlys aliutazama mwisho wake, akaurudia, akahesabu kwa vidole.

"Desmond, mfalme wako kachelewa," alimwambia mwongozaji, Desmond Prewitt, mbele ya kikao kizima.

"Kachelewa wapi?"

"Kengele zinalia nne. Anaomba radhi baada ya ya tatu, halafu anageuka mtu. Kwa haki ya nani?"

Watu wakaangua kicheko.

"Mama, hapa tuna nguruwe kavaa taji," Desmond akasema. "Nani atahesabu kengele?"

"Watoto."

"Watoto watakuwa wanakula bisi. Na muziki umesharekodiwa, kengele nne zote zimo. Hauguswi!"

Marlys alikusanya karatasi zake, masikio yakimuwaka moto.

Wiki mbili baadaye filamu ilionyeshwa kwa majaribio, Jumamosi asubuhi, ukumbi umefurika familia. Kengele ya kwanza ilipolia, msichana mmoja akapaza sauti: "Moja!" Ya pili wakamwitikia kumi. Ya tatu ukumbi mzima ukanguruma: "Tatu!" Hapo ndipo mfalme akapiga magoti na kufungua mdomo.

"Umeshachelewa!" watoto wakapiga kelele.

"Mrudisheni zizini!" bibi mmoja akadakia kutoka nyuma.

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, pale pale walipotakiwa kulia.

Desmond alimkuta Marlys kwenye ujia, uso umemshuka.

"Haya, sema. Najua unataka kunisuta."

"Sitaki kukusuta. Nataka mbuzi."

"Mbuzi?"

"Yule wa mpishi wa mfalme. Yumo kwenye filamu tangu mwanzo, kazi yake kula mapazia tu. Mpandishe mnarani, kengele ya pili aipige yeye kwa pembe. Mchawi akasirike, aseme ya mbuzi haihesabiki. Mfalme anakuwa hajachelewa, na muziki wako hauguswi."

Desmond alihesabu kimya kimya, midomo ikimcheza. Kisha akapiga ukuta kofi.

"Mwanamke wewe ni jini!"

Wachoraji walifanya kazi siku tisa. Usiku wa uzinduzi, mbuzi alipojitwanga kwenye kengele, ukumbi ulilipuka. Mchawi alipofoka, watoto wakamsaidia: "Ya mbuzi haihesabiki!" Na mfalme alipoomba radhi hakuna aliyekohoa. Marlys alisikia watu wazima wakipenga makamasi gizani.

Filamu ikaisha, majina ya walioitengeneza yakaanza kupanda kwenye skrini. Lake lilikuja peke yake, herufi kubwa: *Mbuzi mnarani, wazo la Marlys Okerlund*.

"Huyo ni dada yangu!" Verna, mdogo wake, alipaza sauti akiruka kitini. "Dada yangu huyu hapa!"

Makofi yakaanzia kwa wachoraji, yakaenea safu kwa safu. Marlys akasimama, akavuta sketi yake ikae vizuri, akawageukia.