Daraja la Urahisi

Siku ile Mhandisi Siwema alirudi nyumbani saa nane mchana, akajitupa kitandani na viatu vyake. Asubuhi mganga mkuu wa hospitali alikuwa amempa barua aitie sahihi: kwamba kompyuta za wodi, alizozisanifu mwenyewe, zilikuwa nzima, na kwamba mgonjwa alikufa oksijeni ilipomshuka kwa sababu nesi wa zamu, Tunsume, alipuuza kengele. Siwema alikuwa amekagua kila kifaa, na kweli hakuna kilichoharibika. Hata hivyo mkono ulimwia mzito, akaomba apewe hadi kesho. Tunsume alikuwa ameshikilia neno moja tu, kwamba kengele haikulia mpaka mgonjwa alipokwisha kukata roho. Usingizi ukamchukua Siwema akiwa bado anabishana na neno hilo.

Akajiona amesimama katika mji usio na jua, wenye kuta za kijani na vijia vya shaba vilivyong'aa chini ya miguu. Mwanamke mrefu akamjia, akamwambia kwamba jina lake ni Ukweli na kwamba mji ule aliujenga Siwema. Wakatembea. Wakampita Kumbukumbu, bibi mwenye kusema upesi, aliyeshika kila kitu viganjani na kukisahau chote kila taa ilipozimika. Na nyuma yake Hifadhi, mzito na mwaminifu, akichonga kila jina juu ya jiwe. Katikati ya mji, ndani ya mnara, aliketi Kichakataji, ambaye hakuwa mwema wala mbaya: alitenda alicholetewa, kimoja baada ya kingine, kwa kasi ya kutisha. Siwema akaona fahari, akasema wote wale ni wazima na hodari.

Ukweli akamshika mkono hadi mlangoni pa mnara, palipokuwa na daraja moja tu, upana wa mtu mmoja, na mlinzi wake mwanamume mnene mwenye tabasamu, aitwaye Urahisi. Foleni ilipotelea ukunguni. Mbele walisimama makarani kwa mamia wamebeba majina ya wagonjwa wa kliniki, na Urahisi alimpitisha kila mmoja kwa zamu yake bila kumtazama usoni. Nyuma kabisa palikuwa na mwanamke amekumbatia kengele, jasho likimtiririka, akiomba apishwe. Hakuna aliyegeuka. Sauti yake ikapungua, ikawa mnong'ono. Alipofika darajani kengele ilikuwa imekuwa bubu.

"Nani alimwambia asimame nyuma?" Siwema akauliza.

"Hakuna aliyemwambia," Ukweli akasema. "Wewe ulidhani usanifu wa kompyuta ni kuchagua walio hodari na kuwapanga wapendeze kwenye mchoro. Usanifu ni kuamua nani asikilizwe kwanza, nani angoje, na apite njia ipi. Usipoamua wewe, Urahisi ataamua, naye hamjui mtu anayekufa."

Ndipo Siwema akaitambua sura ya mlinzi: ndiye aliyemnong'oneza, miaka miwili nyuma alipokuwa akichora mfumo wa wodi, kwamba njia moja ingetosha kwa usajili na kengele pia. Akalirukia daraja alivunje kwa mikono, lakini vidole vilipita katika mawe kama katika moshi, na foleni ikaendelea kusogea.

Alizinduka jua likiwa bado dirishani. Akafungua kwenye kompyuta yake rekodi za siku ya kifo. Oksijeni ilishuka saa tatu na dakika nne. Kengele ilimfikia nesi saa tatu na robo. Kati ya hapo, usajili wa wagonjwa wa kliniki mia mbili na kumi ulikuwa umepitishwa kwanza. Alikuwa amekagua vifaa vyote, asikague hata mara moja jinsi vinavyongojeana.

Hakwenda kwanza kwa mganga mkuu. Alikwenda kwa Tunsume, akamkuta uani anaanua nguo, akamweleza yote akiwa amesimama. Tunsume akasikiliza mpaka mwisho, hakulia wala hakumshukuru.

"Dada, mume wa marehemu ananiita muuaji mbele za watu," akasema. "Twende ukamwambie yeye."

Siwema akaomba maji, akanywa, wakatoka pamoja.