Mdomo wa Tanuri la Gulwe

Msinisimulie mimi habari za ufundi wa Wadachi. Lile tanuri la reli pale Gulwe, unga wake niliutwanga mimi Batuli kwa kinu changu mwenyewe, na mdomo wake aliubuni mume wangu Halfani, mfua chuma wa Kondoa. Mdachi alichora karatasi, akaenda kula.

Ulikuwa mwaka wa pili wa vita. Waingereza walikuwa wameziba bahari, makaa ya mawe hayaji tena, na magari ya moshi yanasimama kwa kukosa vipuri. Fundi mkuu wa karakana, Mdachi tuliyemwita Bwana Miwani, akataka kuyeyusha shaba ya vipuri kwa unga wa mkaa, upulizwe kwa mivukuto uwakie hewani. Akamwambia Halfani: tanuri likiwaka unapata cheti, huendi upagazi wa kubeba mizigo ya jeshi, lisipowaka, unakwenda. Na upagazi tuliujua. Wanaume kumi na wanne walichukuliwa jirani zetu, akarudi mmoja, naye alirudi kufa.

Basi tukatwanga mkaa, wanawake sita, weusi mpaka kope, na majumbani vinu havina hata punje ya mtama. Siku ya kwanza tulitaniana. Siku ya tatu hakuna aliyekuwa na hamu ya kucheka.

Mdomo wa kwanza ulitema moto mrefu mno, ukala matofali ya ukuta wa nyuma. Wa pili ulitoa moshi mtupu. Halfani akawa hali, halali. Mwishowe akaunga mabomba mawili, moja ndani ya mwenzake. La ndani liliinama, unga ukateremka wenyewe kutoka sandukuni. La nje likapitisha upepo. Akatia mpini: ukiuvuta, upepo unaongezeka na moto unakuwa mfupi, mkali, ukiusukuma, upepo unapungua na moto unarefuka, ukiusukuma mpaka mwisho, upepo umefungwa. Sanduku la unga lilikuwa na kifuniko chake cha kuuzuia, mbali na mpini.

"Je, ukifunga upepo na unga bado unateremka?" nikamwuliza.

"Mfua chuma hapa nani, wewe au mimi?" Akacheka, nami nikacheka. Lakini neno lilimwingia. Akatufundisha mimi na Matonya, Mgogo aliyekuwa akivukuta: kuzima ni unga kwanza, upepo baadaye. Alilirudia hata Matonya akasema, "Basi, mwalimu, tumesikia."

Siku ya kumwonyesha Bwana Miwani, moto ulikaa vizuri. Kabla ya adhuhuri shaba ilikuwa maji. Bwana Miwani akaridhika, karani wake Nikodemo akatoa karatasi ya cheti, nami nikasema alhamdulillahi. Hapo ndipo kilio kikapanda kutoka nyumbani kwetu, ng'ambo ya reli. Mama yake Halfani, Bi Sikudhani, alikuwa mgonjwa siku nyingi. Hatukuhitaji kuambiwa.

Sasa mjue jambo moja. Katika ukoo wa Halfani, kilio kikisikika mivukuto hunyamaza, wala haivukutwi tena mpaka maiti azikwe. Baba yake alifanya hivyo, na babu yake pia. Mkono wa Halfani haukumngoja. Uliusukuma mpini mpaka mwisho. Papo hapo akaukumbuka unga, na badala ya kukimbilia kifuniko, kwa hofu akauvuta mpini ule ule. Upepo ukaukuta unga umekwisha kujaa ndani, tanuri likamlipukia usoni.

Macho yote mawili. Msiniulize yalivyokuwa.

Jioni nikampigia magoti Nikodemo. "Bwana karani, mume wangu kipofu sasa. Nipe cheti chake."

Hakuwa mtu mbaya, alitazama chini. "Mama, tanuri ni zima. Bwana anasema kesho asubuhi liwake, ndipo atie sahihi. Lisipowaka, Halfani anaondoka na msafara wa saa sita."

"Kipofu!"

"Mpagazi hahitaji macho, mama. Anashika kamba ya mwenzake wa mbele."

Ndugu wa mbali walingojwa, hivyo maziko yalipangwa saa nne asubuhi. Saa moja nilikuwa karakana. Matonya akaikataa mivukuto. "Shemeji, marehemu bado yumo ndani."

"Vukuta," nikamwambia. "Laana iwe yangu."

Nikafungua upepo, kisha unga, nikauvuta mpini mpaka moto ukatulia. Nililia huku namtukana Mdachi kwa Kirangi, naye akadhani naimba. Saa tatu cheti kikagongwa muhuri. Bwana Miwani akamwacha Matonya na moto, akanipa ruhusa ya kukipeleka nyumbani na kurudi mara moja.

Halfani alikuwa amekaa kando ya maiti, kafungwa kitambaa machoni. Ngurumo ya tanuri ilifika mpaka mle ndani.

"Nani anavukuta," akauliza, "na mama yangu hajazikwa?"

"Nimewasha mimi, mume wangu. Cheti hiki hapa. Huendi popote."

Akanyoosha mkono, nikadhani anakitaka. Kumbe anamtafuta mdogo wake Athuman. "Tukishazika, nipeleke kwenye msafara," akamwambia. "Cheti cha mivukuto iliyovukutwa juu ya maiti ya mama yangu sikitaki."

Nikalia, nikamshika miguu. Akaivuta miguu yake.

Saa nne walimzika mama yake. Saa sita msafara ukapita mbele ya karakana, Halfani kabeba mzigo kichwani, kashika kamba ya mtu wa mbele. Mimi nilikuwa kwenye mpini, maana Bwana Miwani hakuniruhusu kutoka.