Papeda ya Baba Dolfina

...na mdomo hajaufungua bado, kijiko kipo pale pale mbele ya midomo ya mumewe, basi Yosina anangoja, mkono mmoja na kijiko, wa pili na vijiti kwenye bakuli la papeda, uji mzito wa unga wa sagu, koroga, koroga, ndivyo alivyofundishwa na mama mkwe, papeda haipumzishwi mwanangu, wanaume wana haraka ya kwenda kukata miti ya sagu, ikoroge ishuke yenyewe... naye Melkianus alikuwa akiivuta kwa midomo, fyuu, bila kutafuna, majirani wakisikia fyuu wanajua jamaa yuko mezani... "Mama, unanisikia? Akipaliwa tena leo nampeleka hospitali Ambon, wamtie mpira wa kulishia puani," huyo Dolfina, bintiye, kasimama mlangoni na mkoba begani tayari, anasema mpira puani kama anayesema kofia kichwani, "nasikia, sijawa kiziwi," lakini mpira puani, na mtu mwenyewe atarudi kutoka huko au ndiyo basi, sagu asionje tena... tangu kiharusi koo limesahau kazi yake, maji yanakimbilia kifuani, nesi akasema mpe kizito, Bibi, kinashuka polepole, koo linapata nafasi, Yosina akacheka, kizito! na sisi huku tumekula nini tangu tuzaliwe?... kumbe jana kapaliwa kwa papeda hii hii, unga ule ule, maji ya moto yale yale, midomo ikawa rangi ya bilinganya, na ilikuwa nzito jamani, alipoiepua aliinamisha bakuli haikutikisika, halafu ndiyo akaingia Dolfina wakaanza kuvutana... "Wewe ukibishana hata mkono unabishana, tazama unavyokoroga, utatoboa bakuli!" mtoto huyu ulimi wake wa shangazi zake, Yosina anataka kumjibu, anatazama chini, na papeda inachuruzika kwenye vijiti, chururu, kama tui, ile iliyokuwa ikining'inia kama kamba sasa hivi tu, hajaongeza hata tone la maji, hajaongeza kitu... ila mkono, ni mkono unaoilegeza, jana nao ulikuwa mkono, ikoroge ishuke yenyewe, ndiyo, ishuke upesi, kwa wanaume wenye makoo mazima, mama mkwe hukukosea, upesi ndio nisioutaka mimi... anarudisha kijiko bakulini, anaweka vijiti mezani, mkono unawasha kukosa kazi, anaukalia, "mbona umeacha?" anauliza Dolfina, "inapumzika," "papeda inapumzika?" "inapumzika, na wewe tua huo mkoba, unanichosha macho," anachora mstari juu ya papeda kwa ncha ya kijiko, mstari unajifumba, anangoja, anachora tena, unajifumba polepole, mvivu... na hapo, baada ya kuufumba asubuhi nzima, ndipo Melkianus anafungua mdomo, wazi, kama kifaranga, Dolfina anaruka, "Mama, mpe! kafungua, mpe basi!" na Yosina, mkono chini ya paja, jicho kwenye mstari wa tatu, "bado, Baba Dolfina," anamwambia, "subiri kidogo mume wangu, bado haijasimama."