Kuvu Aliyedaiwa Mji

Usiku wa kuamkia leo niliota kichwa changu kimekuwa mji, nami naingia kwa miguu. Getini, walinzi wa mwili wangu wote wamelala fofofo. Kidonge changu cha asubuhi kimeketi kigodani, kinawapepea.

"We kidonge, mbona umelaza walinzi?"

"Bibi, wakiamka watalifukuza lile figo ulilopewa na kaka yako Shekue. Hawa hawajui undugu. Wanajua mgeni tu."

"Na yule je?"

Yule ni Kuvu. Aliniingia puani nikifagia mavi ya njiwa, akapanda hadi ubongoni. Sasa anatandika mkeka kwenye chumba ninamoweka majina ya wanangu.

"Huyo sikumkusudia," kidonge kikasema, kikaendelea kupepea.

Nikamwendea Kuvu. "Hata hodi hukupiga?"

"Mlango ulikuwa wazi, bibi. Hebu, binti yako anaitwa nani?"

Nikatafuta jina. Halipo. Amelikalia.

Mara tuko jikoni kwangu, mafiga yamesogea kusikiliza.

"Tutegeane vitendawili," nikamwambia. "Atakayeshindwa atoe mji, kama kawaida. Nikishindwa, kichwa chako."

Kuvu akafurahi. "Kitendawili!"

"Tega."

"Nyumba yangu haina mlango."

"Yai. Hicho nilikijibu sijaota magego. Haya, kitendawili!"

"Tega."

"Ninaye mgeni, nikimfukuza nakufa mimi."

Kuvu akajikuna. "Mimi?"

Mafiga yakacheka hadi chungu kikayumba. "Wewe nikikufukuza napona!"

"Mimba?"

"Kwa mvi hizi? Nipe mji."

"Nakupa Korogwe."

"Siutaki."

"Nakupa Pangani."

"Ina wenyewe. Nataka huu uliokalia."

Kuvu akaguna, kisha akapaza sauti: "Haya, mji nakupa!"

"Ni figo la kaka yangu," nikamfumbulia. Akakunja mkeka. Dawa ya dripu ikaja na ufagio, ikamsindikiza nje. Chini ya mkeka majina yote yamelala, hata moja halijaoza. Nikapiga vigelegele mjini mwangu, peke yangu, bila aibu.

Nikaamka wodini, jua limeshaingia. Binti yangu kainamia kitanda changu.

"Mwantumu," nikamwita.

Akaangua kilio cha furaha. Tangu nilazwe nilikuwa namwita shangazi.

Jirani yangu wa kitanda cha pili, Bi Somoe, akanyanyua kichwa. "Shoga, umepona, alhamdulillahi. Vigelegele vyako tumevisikia. Lakini niambie: huyo mwanamume aliyekuwa anasema 'mji nakupa' ni nani? Wodi hii ya wanawake."