Kibuyu Kilichooshwa

Tangu Elnino izamishe barabara mwishoni mwa tisini na saba, Garsen ilikuwa kisiwa, na katika kisiwa hicho Dukicha, mwalimu wa biolojia, hakuwa na tone la maziwa la kumpa bintiye Nimo, wa wiki tatu. Homa ilikuwa imemkausha mkewe, Barwako, matiti yote mawili. Madukani hapakuwa na maziwa ya kopo. Siku ya pili sasa mtoto alikuwa akipewa maji ya mvua kwa kijiko, na kilio chake kilikuwa kimefifia.

Ndipo jirani yao Tamar, Mpokomo, mkulima wa kijiji cha Hewani asiyefuga ng'ombe, akachukua mtumbwi na kibuyu cha akina Dukicha, akawafuata ng'ombe waliokimbilia mwinukoni. Alirudi alasiri, hoi bin taaban, akitabasamu.

"Nimekijaza, mwalimu. Tena nilikiosha vizuri mtoni kwanza. Kilikuwa kikinuka moshi, nikaona kitamsumbua mtoto."

Moyo ulimlipuka Dukicha. Moshi ule! Mama mkwe wake alikuwa amekifukiza kwa vijinga vyao vya mwisho vikavu, kama wafanyavyo wafugaji, ili maziwa yasiharibike. Na mto huo ulikuwa umebeba vyoo vya nusu ya wilaya na mizoga ya ng'ombe. Lakini angemgombeza vipi? Mwanamke wa watu alikuwa amepiga kasia tangu alfajiri. Akamshukuru, akakipokea kibuyu.

"Usimpe bado," alimwambia Barwako. "Lazima yachemke."

Kuni zilikuwa chepechepe, na jiko la mafuta lilikuwa limekauka. Akatoka, maji yakimfika kifuani, kubisha mlango hadi mlango akitafuta mafuta ya taa.

Njiani kichwa hakikumpa amani. Miaka minane alikuwa amewachorea wanafunzi bakteria ubaoni, kwa madaha yake yote: uzi wa DNA uliojifunga kama pete unanakiliwa, nakala moja inavutwa huku, nyingine kule, bakteria anarefuka, ukuta unajengwa katikati, wanakuwa wawili. Akipata chakula na joto, dakika ishirini zinamtosha. Tena hana subira, huanza kunakili upya kabla nakala za kwanza hazijakamilika. Darasa lilikuwa likicheka. Sasa muda wa saa sita kibuyuni, kwa jua la Garsen, ni kugawanyika mara kumi na nane. Mmoja amekuwa zaidi ya laki mbili na nusu. Na nani aliyesema aliingia mmoja?

Mzee Godhana alimpa nusu chupa ya mafuta. Akarudi nayo nyumbani ameiinua juu ya kichwa.

Ndani kulikuwa kimya. Barwako aliketi kitandani, mtoto amelala kifuani pake, shavu limelowa maziwa.

"Nisamehe, Baba Nimo. Alikuwa ameacha kulia. Niliogopa." Akatabasamu, kwa mara ya kwanza tangu augue. "Muone alivyoshiba."

Dukicha hakutaka kuitazama saa yake ya mkononi, ila macho yalikwenda yenyewe, yakihesabu dakika ishirini baada ya ishirini. Akawasha jiko, akateleka sufuria ya maji, kisha akaanza kutafuta chumvi na sukari, ile dawa ya mtoto anayeharisha.

"Maji ya nini tena, na mtoto ameshiba?"

"Ya baadaye," alisema, akampa mgongo asimwone machozi.